Jina Langu na Ukuta wa CS Mwanga

Jumatano, 11 Juni 2025

Baridi kali. Nimeamka saa kumi na moja na nusu, nimenyoa kwa maji ya moto, nimeandika barua mbili kabla ya chai. Siku kubwa!

Jumapili iliyopita David Mwape aliingia uwanjani na jezi ya timu ya taifa, dakika ya sabini na tisa. Makomeno nzima, mtaa wetu, ilipiga sufuria. Kijana wetu! Ni wa kumi kutoka klabu yetu, CS Mwanga. Hatuna basi. Hatuna nyasi. Golini hatuna hata wavu. Lakini kila baada ya miaka minne, mitano, tunatoa mchezaji wa kimataifa, na mabingwa wa mjini wenye viwanja vya taa wanakuja kutuuliza tunawalisha nini.

Desturi yetu inajulikana. Mchezaji akichezea taifa, anachorwa kwenye ukuta wa ofisi ya klabu, upande wa barabara. Chini ya picha, jina lake. Chini ya jina lake: ALIGUNDULIWA NA, kisha jina la yule aliyemwona kwanza. Mchoraji wetu, Mwila, anajua kuchora uso mmoja tu, kwa hiyo wote tisa wanafanana kama mapacha, pamoja na golikipa wa mwaka 1994 aliyekuwa na ndevu. Ndiyo maana watu husoma majina.

Mimi ni katibu wa klabu hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jina langu haliko ukutani. La Papa Alphonse Kyungu, mtunza jezi, liko mara sita. Sita! Mtu anayeandika "Jumanne" bila tarehe.

Lakini David ni wangu. Nakumbuka wazi: majaribio ya watoto, mimi nimekaa mezani, yeye amesimama mbele yangu, nami ninaandika jina lake kwa mkono wangu huu, kwa kalamu yangu ya bic. Ushahidi uko ndani ya daftari la majaribio, na daftari liko ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo uko kwa Mama Virginie, Présidente wa klabu, ambaye amekwenda Kinshasa kwa biashara yake ya vitambaa. Nimemwandikia rasmi: naomba kamati ya Ijumaa tarehe 20 ifungue daftari hilo na kulisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote. Nimepiga mstari chini ya "kwa sauti".

Barua ya pili ni nakala ya ile ya kwanza.

Jumapili tarehe 22 klabu inatimiza miaka arobaini. David mwenyewe atakuja. Rangi itakuwa bado mbichi. Nimeanza kujizoeza kutabasamu.

Alhamisi, 12 Juni

Alphonse amepata habari. Amenifuata uwanjani, mbele ya wachezaji wote, akaniambia: "Secrétaire, weye unaangaliaka bic. Miye naangaliaka mutoto."

Nimemjibu kwamba klabu inaendeshwa kwa maandishi. Akasema kweli kabisa, na mabao yanafungwa kwa muhuri. Wachezaji wamecheka. Nimeandika majina ya waliocheka.

Mke wangu Albertine anasema niache. Anakumbuka Papa Alphonse akimpa yule mtoto chai na mkate. Nimemweleza tofauti kati ya kulisha na kugundua. Ameendelea kuchunga unga.

Nahitaji shahidi, wa ziada tu. Nimemkumbuka! Mama mzazi wa baba yake David, ambaye wote humwita Kambo Léa, yaani Bibi Léa. Ndiye aliyemleta mtoto kwenye majaribio. Amerudi kwao Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Simu yake haipatikani. Nitakwenda mwenyewe. Nimemwandikia ushahidi wake kabisa, ukurasa mmoja, na nafasi ya kidole gumba chini kulia.

Binti yangu Séphora ameuliza kama shahidi huwa haandiki ushahidi wake mwenyewe. Huyu anasoma sheria chuo kikuu kule Kasapa, mwaka wa kwanza. Tayari wamemharibu.

Jumapili, 15 Juni. Kilwa

Siku mbili juu ya lori la simenti. Gurudumu limepasuka mara mbili. Nimefika nikiwa kijivu kuanzia kofia hadi soksi, na watoto wa Kilwa wamenikimbia.

Nimemkuta Kambo Léa anaanika samaki. Mdogo, mkavu, macho kama sindano. Nikajitambulisha: Symphorien Ngandu, katibu wa CS Mwanga. Akaacha samaki. Akaniangalia kwa muda. Kisha akapiga viganja pamoja.

"Aaa! Papa Rudia-Kwenu!"

Sikuelewa. Akaita majirani. Akawaeleza kwa Kibemba, na nilichosikia ni jina langu, kicheko, jina langu, kicheko. Halafu akanieleza mimi, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alimleta David kwenye majaribio miaka mitatu mfululizo. Miaka yote mitatu nilimtazama mtoto, nikatoa bic nyekundu, nikamwambia arudi nyumbani kwa maneno yaleyale: rudia kwenu. Watoto wote wa Makomeno waliniita hivyo. Mimi tu ndiye sikujua.

"Analia njia yote," akasema. "Miye njo nilikuwa namufuta machozi, papa. Mara tatu."

Nikasema labda anamkumbuka mtu mwingine. Akasema mtu mwingine hana masikio haya.

Nikatoa karatasi yangu hata hivyo. Siku mbili za simenti si mchezo. Akaniomba nimsomee. Nikasoma: "Mimi, Léa, nathibitisha kwamba Bwana Ngandu ndiye wa kwanza kukiona kipaji cha mjukuu wangu." Alicheka mpaka akashika nguzo ya kichanja. Akasema yuko tayari kuweka kidole, nikiongeza tu maneno mawili: "na akakikataa."

Kumbukumbu za wazee si za kutegemea. Daftari litasema ukweli.

Jumatatu, 16 Juni. Njiani

Daftari litasema ukweli!

Wazo hili limenijia juu ya lori, saa tano asubuhi, baada ya shimo kubwa. Je, kama bibi kizee yuko sahihi? Waliokubaliwa naandika kwa wino wa buluu. Waliokataliwa, kwa wino mwekundu. Nimejaribu kulikumbuka jina la David katika rangi ya buluu. Haliji. Linakuja jekundu.

Na mimi mwenyewe nimeomba lisomwe kwa sauti. Na mstari chini.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika nyumbani. Albertine ametundika koti langu nje kwenye kamba na kuniambia nami nibaki huko huko, karibu nalo.

Ni harufu ya samaki. Wakati wa kuagana, Kambo Léa alinipa gunia la samaki wakavu. Nilishukuru kwa maneno mengi mazuri. Kumbe, akaniambia, si wangu. Ni wa Papa Alphonse! Kwa hiyo nimekalia gunia la adui yangu zaidi ya kilomita mia tatu, na Albertine amesema sitaoga kabla ya kulipeleka.

Nimelipeleka. Alphonse alifungua, akanusa. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa: mtoto hajasahau, na yeye Léa hajasahau. Aligeuka akaanza kupanga jezi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akauliza kama mama yule anakohoa bado. Nikasema hapana, ana mapafu mazuri ya kucheka. Akasema nikae, mke wake anasonga bukari, ugali wa kwetu.

Nilikataa. Kisha nilikula. Samaki wa Mweru ni samaki. Haibadilishi chochote.

Alhamisi, 19 Juni

Mama Virginie amerudi. Nimechukua ufunguo kwa kisingizio cha mchwa. Nimejifungia ofisini na sanduku, daftari, na chupa ya chai.

Mwaka 2014, ukurasa wa 31. Mwaka 2015, ukurasa wa 38. Mwaka 2016, ukurasa wa 44. Mara tatu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mwandiko mzuri sana, lazima nikiri.

Kuchana? Haiwezekani. Kurasa zote zina namba na muhuri wa klabu. Kanuni ya mwaka 2009: ukurasa ukikosekana, katibu anajiuzulu siku hiyo hiyo. Nani aliyependekeza kanuni hiyo? Mimi. Ilipita kwa kura zote. Nilijipongeza wiki nzima.

Lakini kanuni haisemi chochote kuhusu ajali. Nikamwaga chai kwenye ukurasa wa 31, kidogo kidogo, kwa kijiko, ili ionekane bahati mbaya. Kisha wa 38. Kisha wa 44. Wino wa buluu ulikimbia pande zote kama watu wanaokimbia mvua. Wino mwekundu haukutikisika! Sasa kila ukurasa una wingu la buluu lisilosomeka, na katikati yake mstari mmoja mwekundu, safi kama tangazo.

Nimenunua bic hizo nyekundu mwenyewe. Nilichagua bora.

Ijumaa, 20 Juni

Kamati. Watu wamejaa mpaka madirishani. Kwa nini wamejaa? Kwa sababu nilibandika tangazo.

Mama Virginie alianza kwa kusoma barua yangu. Alipofika kwenye maneno yaliyopigiwa mstari, alipaza sauti. Kisha akafungua daftari.

"2014. Mwape David, miaka kumi. Miguu myembamba. Anacheka akicheza. Arudi kwao."

Akalamba kidole, akageuza kurasa.

"2015. Mwape David, miaka kumi na moja. Huyu tena. Bado anacheka. Arudi kwao."

Mtu wa dirishani akaanza kukohoa, ile ya kuficha kicheko.

"2016. Huyu huyu. Nilisema nini?"

Hapo hawakuficha tena. Mama Virginie alisubiri watulie, akafuta macho, akaniuliza kwa nini kurasa hizi tatu ni za buluu. Nikasema mchwa. Akasema: "Secrétaire, mchwa ya Makomeno inakunywaka chai siku hizi?"

Nikaomba kusema. Nikaeleza kwa utulivu kwamba kukataa nako ni mbinu ya kulea: mtoto aliyekubaliwa analala, aliyekataliwa anakimbia. Nikataja miaka yangu ishirini na miwili. Sauti ilinigeuka hapo kidogo. Sikuwa nimepanga.

Ikapigwa kura. Kumi na moja kwa Alphonse, moja kwangu, ya kwangu. Alphonse mwenyewe hakupiga. Alisema amechoka. Akaongeza kwamba hata Secrétaire amechoka, ametoka mbali, watu waache kucheka sasa. Wakaacha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa ana saba.

Jumamosi, 21 Juni

Sijashindwa bado. Ukuta una nafasi nyingi.

Mwila ameanza kuchora tangu saa mbili. Uso uleule. Nikamwomba kitu kidogo: chini kabisa, kati ya viatu viwili vya David, herufi ndogo, "Katibu: S. Ngandu". Nikamwahidi jogoo wangu. Akasema yeye huchora tu kilicho kwenye karatasi yenye muhuri. Muhuri ninao mimi! Nikakimbia ofisini, nikarudi na karatasi yenye muhuri mara mbili. Akaigeuza, akauliza sahihi ya Mama Présidente iko wapi.

Miaka yote hii nilitafuta mtu mmoja Makomeno anayeheshimu maandishi. Ni huyu. Nimemheshimu na kumchukia kwa dakika ileile.

Alasiri, uwanja wa ndege wa Luano. Nilifika saa mbili nzima kabla ya ndege kutua. Mpango: niwe wa kwanza kumpa mkono, picha ipigwe, picha iingie kwenye kumbukumbu za klabu. Nilijiweka vizuri kwenye kizuizi, kwa suti. David akatoka. Mrefu! Miguu bado myembamba, nilikuwa sahihi. Alinipita akaenda moja kwa moja kwa Alphonse, wakakumbatiana muda mrefu hivi kwamba watu wenye mizigo waliwazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kwenye picha zote naonekana nusu. Sikio.

Kisha akageuka, akaniona, akafungua mdomo. "Papa Rudia-Kwenu! Ungali hai?"

Nikamwambia niko, asante. Ananikumbuka. Hilo nimeliandika.

Jumapili, 22 Juni

Saa nne na robo usiku. Nitaandika kwa mpangilio.

Misa. Kisha fanfare, bendi ya parokia. Kisha watu kama elfu moja barabarani mbele ya ukuta. Mama Virginie akaondoa kitambaa. DAVID MWAPE. ALIGUNDULIWA NA ALPHONSE KYUNGU. Makofi. Nilipiga makofi pia, manane. Albertine alinishika kiwiko. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiusoma ukuta huu kila asubuhi nikifungua ofisi, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, na nilijua sasa kwamba nitausoma hivyo mpaka nife.

David akapewa kipaza sauti. Akasema Papa Alphonse alimfungulia mlango wa nyuma, akampa chai, akampa jezi ya mtu aliyekuwa mgonjwa, na mpaka leo hajairudisha. Kila mtu alijua. Kisha akasema, lakini kuna jambo watu hawajui. Kabla ya mlango huo kufunguliwa, miaka mitatu alikuwa nje. Nje, wapi? Hapa. Kila jioni alipiga mpira kwenye ukuta huu huu, mguu wa kushoto mia, wa kulia mia, akimfikiria mtu mmoja mwenye bic nyekundu. Alitaka siku moja mtu huyo aiweke chini ile bic. Hata Ubelgiji anakocheza sasa, akisikia uvivu asubuhi, anamfikiria mtu huyo, na anaamka.

"Papa Mwila," akasema, "ongeza mustari moja."

Watu walipiga kelele hata nisisikie mengine. Mama Virginie aliandika karatasi palepale juu ya goti, akatia sahihi. Mimi nilitia muhuri. Muhuri ukakaa upande. Ngazi ilikuwa haisimami vizuri, na aliyeishika ni Alphonse, akicheka kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka. Mwila hakuwa na rangi nyeusi tena. Alibaki na nyekundu.

ALIKATALIWA NA: SYMPHORIEN NGANDU. MARA TATU.

Ukutani!

Albertine alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akaniuliza kama nimeumia. Kuumia? Nilirudi na rula watu walipokwenda kula. Herufi za Alphonse, sentimita tatu na nusu. Zangu, nne. Jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi kama wote. Langu peke yake ni jekundu na linaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, nimepima, hatua thelathini na nane. Na kwake hapana idadi. Kwangu kuna idadi.

Séphora anasema sijaelewa nilichoandikiwa. Nimemwambia asome tena herufi.

Jumatatu, 23 Juni

Majaribio ya watoto ya mwaka huu. Nimeamka saa kumi. Nimenunua bic nyekundu sita.

Watoto arobaini na watatu. Nimekuwa mkali kuliko mwaka wowote. Wenye miguu mizuri: rudia kwenu. Wenye mbio: rudia kwenu. Mmoja kutoka upande wa Kasapa aliwapita mabeki wanne, akampita golikipa, akasimamisha mpira kwenye mstari wa goli akasubiri wamfikie. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Huyo nimemkataa mara mbili asubuhi hii hii, kuokoa muda. Alilia. Dalili nzuri!

Alphonse amekaa nje ya lango na birika lake kubwa na mikate, anawapokea wote wanaotoka wakilia. Ananitikisia kichwa. Nami nimemtikisia. Kila mtu na kazi yake.

Kufikia saa sita nimekataa kumi na tisa. Kati ya hao lazima wawili, watatu wafike mbali. Nimekubali mmoja tu, mpwa wa mweka hazina, anayeogopa mpira.

Nimempitia Mwila nyumbani kumwambia asinunue tena rangi nyeusi nyingi.